Mji wetu umetoa nini cha kwanza? Jibu kwa kijana anayetembeza wageni Iringa

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni kijana wa Kihesa, naendesha gari la kupeleka wageni Ruaha. Njiani nawapitisha Isimila, Kalenga na Gangilonga. Wiki iliyopita mgeni mmoja, mtu mzima, alinihesabia vitu vilivyoanzia mjini kwao, kisha akaniuliza, "Na hapa Iringa, ni kitu gani kilianzia hapa?" Nikamtaja Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani. Akasema huyo ni shujaa, si uvumbuzi. Nikanyamaza mpaka Tungamalenga. Pia nimesikia kwamba ile habari ya maji ya moto kuganda haraka kuliko ya baridi iligunduliwa hapa kwenye shule ya Mkwawa. Ni kweli, au ni maneno ya vijiweni? Nisaidie nisinyamaze tena.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Kamwene.

Nianze na hilo la maji, maana ndilo lenye nyama, na nimelifundisha darasani miaka mingi kuliko umri wako. Wanaokuambia kijiweni kwamba jambo hili liligunduliwa Mkwawa wamebeba nusu ya ukweli. Nusu nyingine imegawanyika kati ya Lushoto na Dar es Salaam. Ukiijua njia nzima hakuna mgeni atakayekuyumbisha, na utaona kwamba kipande cha Iringa katika safari hiyo ndicho kilichokuwa kigumu kuliko vyote.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, kule Lushoto. Vijana wa shule walikuwa wakijitengenezea askrimu. Wananunua maziwa kwa akina mama wa jirani, wanayachemsha, wanatia sukari, wanasubiri yapoe, ndipo wanayaweka kwenye friza. Trei zilikuwa chache na vijana walikuwa wengi, kwa hiyo kila mara ilikuwa ni kugombea nafasi. Siku moja Mpemba alikuwa bado yuko jikoni na maziwa yake. Mwenzake alipomwona anachemsha, akachanganya ya kwake na sukari hivyo hivyo yakiwa mabichi, akakimbilia friji. Mpemba akapiga hesabu: nikisubiri yapoe, trei ya mwisho imekwenda. Akayaingiza yakiwa moto, akijua kabisa kwamba anaweza kuliharibu friji la shule. Baada ya saa moja na nusu wakarudi wote wawili kuangalia. Ya Mpemba yalikuwa yameganda, askrimu tayari. Ya mwenzake yalikuwa bado uji mzito.

Akamwuliza mwalimu wake wa fizikia kulikoni. Akajibiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo kama hilo haliwezi kutokea. Naye akalipokea jibu hilo, kama tulivyokuwa tukiyapokea sote enzi zile.

Likizoni akakutana na rafiki yake aliyekuwa akitengeneza na kuuza askrimu mjini Tanga. Huyo akamwambia kwamba wao huiweka friza ikiwa ya moto kwa makusudi, kwa sababu inaganda haraka. Hapo naomba usipite mbio. Wauza askrimu wa Tanga walikuwa wanajua! Walilitumia jambo hilo kupata mkate wao, na hakuna msomi aliyewahi kwenda kuwauliza.

Sasa ndipo Iringa inapoingia. Mpemba alifaulu, akachaguliwa kuendelea na kidato cha tano na cha sita Mkwawa High School, hapa hapa kwetu. Ni ile shule iliyojengwa enzi za mkoloni kwa ajili ya watoto wa Kizungu, ikiitwa St. Michael's and St. George's, na leo ndiyo Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, kilichoanzishwa mwaka 2005 chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Darasani wakafika kwenye kanuni ya Newton ya kupoa kwa vitu. Mpemba akanyoosha mkono, akasimulia habari ya maziwa. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Alipong'ang'ania, akaambiwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Tangu siku hiyo, akikosea hesabu, hata kama ni kosa la kusoma vibaya jedwali la logarithimu, anaambiwa hiyo ni hesabu ya Mpemba. Darasa zima likaidaka kauli hiyo na kumtania nayo.

Wengi wangekomea hapo. Yeye alasiri moja alikuta maabara ya baiolojia iko wazi na hakuna mwalimu ndani. Akachukua bika mbili ndogo za sentimita za ujazo 50, moja akaijaza maji ya bomba, nyingine maji ya moto, akaziweka kwenye friji la maabara. Baada ya saa moja akarudi. Maji yalikuwa hayajaganda yote, lakini bika iliyoanza na maji ya moto ndiyo iliyokuwa na barafu nyingi zaidi.

Kisha akaja mgeni. Denis Osborne, Mwingereza aliyekuwa akifundisha fizikia katika chuo kikuu Dar es Salaam, alialikwa kuzungumza na wanafunzi wa Mkwawa, na baada ya mazungumzo wakaruhusiwa kuuliza maswali. Mpemba akasimama. Akauliza: ukichukua bika mbili zenye maji ya kiasi kimoja, moja nyuzi joto 35 na nyingine nyuzi joto 100, ukaziweka kwenye friji, ile ya nyuzi 100 ndiyo inayoganda kwanza, ni kwa nini? Osborne akatabasamu, akamwomba arudie swali. Aliporudia, akamwuliza kama ni kweli na kama amelifanya yeye mwenyewe. Mpemba akajibu ndiyo. Osborne akasema kwamba hajui, ila atalijaribu mwenyewe akirudi Dar es Salaam.

Kesho yake wenzake wa kidato cha sita wakamjia juu kwamba amewaaibisha, kwamba aliuliza kwa lengo la kumshinda mgeni. Nawaelewa vijana wale. Sisi tumelelewa kwamba mgeni hupewa kiti na maji ya kunywa, hapewi mtihani. Mmoja akamwuliza kama kweli aliielewa ile sura ya Newton. Mpemba akawajibu kwamba nadharia na vitendo ni vitu viwili.

Ndiyo maana nakuambia kipande cha Iringa kilikuwa kigumu kuliko vyote. Magamba ilikuwa bahati ya trei. Dar es Salaam walikuwa na vifaa na muda. Iringa palihitajika mtu asimame mbele ya watu waliokwisha kumcheka, aulize tena swali lile lile, tena mbele ya mgeni. Ukimpitisha mgeni wako jirani na chuo cha Mkwawa, mwambie kwamba swali lililofanya jambo hili liitwe kwa jina la Mpemba liliulizwa hadharani pale. Usimwambie kwamba askrimu iliganda pale, maana haikuganda pale.

Osborne alitimiza ahadi. Alimwagiza kijana fundi wa maabara afanye jaribio. Fundi akarudi na taarifa kwamba ni kweli, maji yaliyoanza yakiwa moto yaliganda kwanza, halafu kwa nia njema kabisa akaongeza kwamba wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi! Kila mwaka nilikuwa nikiwasimulia wanafunzi wangu kisa hicho, kwa sababu kinaonyesha jinsi kitabu kinavyoweza kumzuia mtu kuona kilicho mbele ya macho yake.

Majaribio yaliendelea. Walitumia maji sentimita za ujazo 70 katika bika za 100, zikiwa zimewekwa juu ya kipande cha lile povu jeupe gumu la kufungashia redio, ili baridi isipande kutoka chini. Maji yaliyoanza na nyuzi karibu 25 ndiyo yaliyochelewa kuliko yote kuanza kuganda. Yaliyoanza na nyuzi karibu 90 yaliyatangulia. Walijaribu pia kuyafunika kwa utando mwembamba wa mafuta, yakachelewa sana kuganda, ishara kwamba joto jingi lilikuwa likitoka kupitia uso wa juu; na mvuke peke yake haukutosha kueleza tofauti hiyo. Mwaka 1969 makala yao ilichapishwa katika jarida la Physics Education, jina la Mpemba likitangulia la Osborne. Wakati huo Mpemba alikwisha hamia kwenye masomo ya wanyamapori, Chuo cha Mweka, Moshi. Kazi yake ya maisha ikawa ya wanyamapori, na jina lake likabaki kwenye fizikia.

Mgeni aliyesoma atakuambia: lakini Aristotle alikwisha lisema hilo! Mkubalie bila kusitasita. Kweli Aristotle aliandika kwamba watu wakitaka maji yapoe haraka huyaweka juani kwanza, na Francis Bacon na Descartes nao waligusia jambo hilo hilo. Hata mwaka ule ule wa 1969, Mkanada mmoja, George Kell, alichapisha makala yake kuhusu jambo hilo bila kujua habari za Mpemba. Kwa hiyo Mpemba hakuwa mtu wa kwanza duniani kuliona. Alichofanya ni kulitoa kwenye masimulizi na kulipeleka mbele ya vipimo, wakati ambapo fizikia ya shuleni ilikuwa imelizika. Dunia ikaliita kwa jina lake, na mpaka leo wanafizikia wa China, Uhispania na Kanada wanaandika neno "Mpemba" kwenye makala zao. Ni majina machache ya Kitanzania yaliyofika huko.

Kuna jambo lingine ambalo ni lazima ulijue, hata kama litakuuma. Si wote wanaokubali kwamba jambo lenyewe lipo kwa maji ya kawaida. Mwaka 2012 chama cha wanakemia cha Uingereza, Royal Society of Chemistry, kiliitisha shindano la kulieleza, na majibu yaliyoletwa yalizidi 22,000. Wingi huo wenyewe unakuonyesha kwamba hapakuwa na jibu moja. Wako wanaosema maji ya moto hupoteza sehemu yake kwa mvuke, kwa hiyo yanayobaki kuganda ni machache. Wengine wanasema hupoteza hewa iliyoyeyuka ndani yake. Wengine, na Osborne alielekea huku, wanatazama mzunguko ndani ya chombo: maji ya moto hupanda juu na kufanya uso uwe na joto zaidi, na joto hutoka kwa kasi kupitia uso huo. Wengine wanasema chombo cha moto huyeyusha theluji ya friza chini yake, kikakaa vizuri kwenye ubaridi. Tena maji yana tabia ya kushuka chini ya nyuzi sifuri bila kuganda, na hayashuki sawasawa kila mara. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza, Burridge na Linden, walipima kwa uangalifu mkubwa wakasema hawakuona ushahidi wa maana kwamba maji ya moto hupoa haraka zaidi, na kwamba hata kukipandisha au kukishusha kipimajoto kidogo tu ndani ya chombo kunaweza kubadilisha matokeo.

Halafu mwaka 2020, Kumar na Bechhoefer kule Kanada wakaliendea kwa njia nyingine kabisa. Waliacha barafu. Walichukua kichembe cha kioo kisichoonekana kwa macho, wakakiweka ndani ya maji na kukiongoza kwa mwanga wa leza, wakaonyesha bila shaka kwamba mfumo ulioanza na joto zaidi unaweza kutangulia kufika kwenye ubaridi kuliko ulioanza na joto dogo. Tangu hapo neno Mpemba limehamia hata kwenye fizikia ya chembe ndogo kabisa za atomu. Kwa hiyo swali la pale Mkwawa limezaa elimu mpya hata kabla ya kuisha ubishi wa askrimu yenyewe. Mimi naliona hilo ni kubwa kuliko kama lingejibiwa siku ile ile.

Niongeze moja la mwalimu wa fizikia aliyeishi milimani. Mpemba aliuliza habari za maji ya nyuzi 100, lakini Iringa iko juu, mita 1,500 na ushee kutoka usawa wa bahari, na huku maji kwenye sufuria ya wazi huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Hewa yetu ni nyepesi. Ndiyo sababu maharage yetu yanakula kuni nyingi kuliko ya Dar es Salaam. Wageni wanaopenda sayansi hulifurahia sana hilo; waambie wakiwa na chai mkononi.

Nami nina deni katika habari hii. Nilipokuwa nafundisha katika shule moja ya wilayani, msichana wa kidato cha pili aliniuliza kwa nini nguo zinakauka vizuri mwezi wa Julai, wakati baridi imebana na jua halina nguvu, kuliko Machi ambako kuna joto. Nikamwambia arudi kwenye mada. Lilikuwa swali zuri kuliko mada yangu yote ya siku ile: hewa ya Julai huku kwetu ni kavu na ina upepo, na ukavu huo hunyonya maji ya nguo kuliko joto lenye unyevu. Sikumjibu, na mwaka uliofuata nikahamishwa. Nalitaja jambo hili ili usidhani nawanyooshea kidole walimu wa Mpemba nikiwa nimekaa pembeni.

Sasa turudi kwa Mkwawa. Mgeni wako ana haki kusema shujaa si uvumbuzi. Lakini aliuliza kitu kilichoanzia hapa, na hapo unayo ya kumweleza, mradi uchague vizuri. Wenzako wengi wanakimbilia Lugalo: tarehe 17 Agosti 1891, Emil von Zelewski, kamanda wa Wajerumani aliyeitwa Nyundo, akapita kichakani na safu ndefu ya askari, Wahehe wakawavamia kwa mikuki kabla bunduki hazijapata nafasi, wakauawa yeye na zaidi ya askari 200. Simulia, na umwonyeshe mnara. Mweleze kwamba kambi na hospitali ya jeshi ya Lugalo kule Dar es Salaam zimechukua jina hapa. Ila usiseme kwamba hiyo ndiyo mara ya kwanza Mwafrika kumshinda Mzungu vitani, kwa sababu Wazulu walikwisha washinda Waingereza Isandlwana mwaka 1879. Ukisema hivyo mbele ya mtu wa Afrika Kusini utaumbuka.

Cha pekee kiko Kalenga, ndani ya lile jumba dogo la makumbusho. Mkwawa alijiua Mlambalasi tarehe 19 Julai 1898 ili asikamatwe, na kichwa chake kikakatwa na kupelekwa Ujerumani. Vita vya kwanza vya dunia vilipokwisha, mataifa yakatia saini mkataba wa Versailles, tarehe 28 Juni 1919. Ndani ya mkataba huo huo uliopanga mipaka ya Ulaya na fidia za vita, ibara ya 246 inaitaka Ujerumani irudishe fuvu la Sultani Mkwawa ndani ya miezi sita. Miezi sita ikawa miaka 35. Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, ndiye aliyelifuata kwenye makumbusho ya Bremen, akalichagua kati ya mafuvu mengi kwa kulinganisha vipimo na vichwa vya watu wa ukoo wake, na mwezi Juni 1954 likakabidhiwa Kalenga kwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa, ambaye kuanzia mwaka 1962 alikuwa Spika wa Bunge letu. Leo watu wanapodai mabaki ya wazee wao yarudishwe kutoka majumba ya Ulaya, wewe una mahali pa kumwonyesha mgeni ambako dai hilo liliandikwa kwenye mkataba wa dunia zaidi ya miaka 100 iliyopita. Ukifika pale, vua kofia na uongee taratibu. Ni mzee wa watu yule.

Isimila nitaipitia haraka, kwa sababu najua unaijua. Zana za mawe pale, mashoka ya mkono yale makubwa, zilianza kujulikana kwa wataalamu mwaka 1951, na uchimbaji mkubwa ukafanyika mwaka 1957 na 1958. Umri unaotajwa ni miaka kama 260,000. Nimewahi kumsikia mtembeza wageni mmoja akisema ndiyo zana za kwanza za binadamu. Hapana. Za Oldupai ni za kale mara nyingi zaidi. Isimila sifa yake ni wingi na uzuri: mawe yamelala chini kama yaliachwa jana, na baadhi ni mazito kiasi kwamba unajiuliza aliyeyashika alikuwa na mkono wa namna gani. Hiyo inatosha, haihitaji kuongezewa chumvi. Gangilonga nayo, jiwe linaloongea, ni masimulizi. Yasimulie kama masimulizi.

Ikitokea mgeni anaendelea kusini, usimwache aondoke akidhani nyanda za juu zimeishia Iringa. Pale Kitulo, wenyeji wanapoita Bustani ya Mungu, kuna hifadhi ya taifa iliyotangazwa mwaka 2005, ya kwanza katika Afrika ya tropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya maua na mimea. Sababu mojawapo ilikuwa viazi vya okidi vilivyokuwa vikichimbwa kwa magunia na kupelekwa Zambia kuliwa. Kuna pia Nyasasaurus parringtoni, mnyama aliyepewa jina rasmi mwaka 2012 baada ya mifupa yake kukaa kwenye makabati tangu miaka ya 1930. Huenda ndiye dinosau wa kale kuliko wote wanaojulikana, miaka kama milioni 243, ingawa wapo wanaosema ni ndugu wa dinosau tu. Mifupa ilitoka bonde la Ruhuhu, upande wa Ruvuma.

Halafu kuna kipunji, na huyu ndiye ninayempenda kuliko wote baada ya askrimu ya Mpemba. Ni kima mwenye manyoya marefu ya kahawia na kishungi kichwani. Timu moja ya watafiti ilimkuta misitu ya Rungwe mwaka 2003. Timu nyingine, bila kuwa na habari na wenzao, ikamkuta Ndundulu, milima ya Udzungwa, upande wetu wa Kilolo, mwaka 2004. Wakamtangaza pamoja mwaka 2005. Mwaka 2006 ikathibitika kwamba anastahili jenasi yake mwenyewe, yaani kundi lake la ukoo, Rungwecebus, na tangu mwaka 1923 hapakuwa na jenasi mpya ya kima iliyopatikana Afrika. Lakini jina kipunji watafiti hawakulitunga. Walilipata kwa wawindaji wa Kinyakyusa wa Rungwe, ambao walikuwa wakimsimulia tangu zamani, na kwa muda watafiti hawakuwa na hakika kama ni mnyama kweli au ni wa hadithi. Ni yale yale ya wauza askrimu wa Tanga.

Kwa hiyo mgeni akikuuliza tena, mpe mambo mawili, usimrundikie kumi. Mpe fuvu la Kalenga na mpe swali la Mkwawa. Hilo la pili unaweza hata kumfanyia kwa vitendo, kama kambi mnayolala ina friza nzuri.

Tafuta vikombe viwili vya bati vinavyofanana kabisa. Kata vipande viwili vya lile povu jeupe uviweke chini ya vikombe, ili usije ukadanganywa na theluji ya friza. Chemsha maji, halafu pima kiasi kile kile kwa kila kikombe, yale ya moto uyapime yakiwa yamekwisha chemka, si kabla. Yale mengine yawe ya joto la kawaida la chumba, usitumie ya baridi sana. Viweke kwa wakati mmoja, na usifungue mlango kila dakika; fungua kila baada ya dakika 15. Kabla hujaanza, kubalianeni na mgeni mnaposema "yameganda" mna maana gani, ni utando wa kwanza wa barafu au ni jiwe zima, kwa sababu ubishi mwingi wa wasomi umetoka hapo hapo. Siku ya pili badilisha nafasi za vikombe. Nunua daftari la kaunta, andika kila jaribio na tarehe yake, pamoja na zile siku ambazo ya baridi yametangulia. Nakuhakikishia zitakuwepo.

Na mgeni akikuuliza ni kwa nini, mwambie wazi kwamba ubishi haujaisha. Akikukatalia kwamba jambo lenyewe haliwezekani, usikasirike. Mwulize kile Osborne alichomwuliza Mpemba pale Mkwawa: je, wewe mwenyewe umewahi kulifanya?